Miguu Mitatu

Alipoondoka, Mbwana alichukua friji,
feni iliyo nzima (iliyobaki hulia kama kuku anayetaga)
na stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu,
ambayo hakuwahi kuitumia
ila kuanikia suruali.

Jumamosi nikapiga harusi Tandika kwa mikono mitupu.
Bibi harusi alicheka, nami nikatikisika.
Picha ishirini na saba zikatoka na ukungu.
Mama yake akazitazama, akasema:
afadhali, hata madeni hayaonekani.

Wiki iliyofuata Daktari Lyatuu akapiga simu.
"Siwema, una nafasi?"
Nikatazama palipokuwa friji:
mraba mweupe sakafuni,
safi kuliko nyumba nzima.
"Ninayo. Ya nini?"

Paka. Bajaji ilimpitia pale Kwa Kopa,
mguu wa nyuma ukabaki kliniki.
Wiki mbili tu, alisema daktari,
kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi.
Akaja ndani ya boksi la sabuni. Akashuka,
akayumba, akasimama juu ya ule mraba,
na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikakaa chini:
miguu mitatu imerudi nyumbani.

*

Mchana napiga paspoti.
Tazama hapa. Kidevu chini. Masikio yaonekane. Usicheke.
Ukicheka Uhamiaji wanakurudisha.

Alfajiri, kabla sijafungua, natafuta viti.
Vile vya plastiki vilivyopasuka mgongo
vikashonwa kwa waya, kwa mkonge, kwa uzi wa viatu.
Cha fundi saa wa Narung'ombe.
Cha mama ntilie wa Buguruni Sheli, chenye kovu
refu kama la upasuaji.
Cha mlinzi mmoja wa Keko, kimefungwa kwenye mguu wa meza
ili kiazime uzima.
Sasa ninavyo mia moja na kumi na viwili.
Kijana mwenye ukumbi wa maonyesho kule Masaki
alivipitia vyote kwenye simu, akauliza vinamaanisha nini.
Nikamwambia: vinamaanisha mtu alitaka kukaa.
Hajanitafuta tena.

*

Baada ya paka wakaja wengine.
Mbwa wa Kigogo aliyeogopa ufagio.
Vitoto vitano vya paka, vimetolewa kwenye injini ya Noah,
bado vinanuka oili.
Kobe aliyeachwa na wapangaji;
miezi mitatu hakunisalimu, hakuniaga.

Kila anayepata kwao nampiga paspoti,
pazia lile lile la bluu, taa ile ile.
Nabandika kwenye daftari la madeni:
jina, tarehe, aliyemchukua.
Mbwa wa Kigogo ametoka amefumba macho.
Uhamiaji wangemkataa. Kimara wamempokea.

Dada Mwanahawa huniuliza kila akija kuosha vyombo vyangu:
unawezaje kumlea kiumbe, kisha ukamtoa?
Sikumjibu. Lakini kazi yangu yote si ndiyo hiyo?
Kumtazama mtu sekunde moja kwa moyo mzima,
halafu kusema,
anayefuata.

*

Zile wiki mbili sasa zina mwaka na miezi miwili.
Mwalimu mmoja wa Ukonga amempenda,
ana uwani, ana subira, anakuja Jumapili.
Nimeshusha pazia. Nimewasha taa.
Paka amepanda kiti cha wateja (na hicho nimekishona mwenyewe),
amekaa vizuri kuliko binadamu wote wa wiki hii.
Kidevu chini, nimemwambia. Usicheke.

Ya kwanza ina ukungu.
Ya pili nayo.
Nimebana viwiko mbavuni, nimezuia pumzi
kama nilivyofundishwa.
Ya nne. Ya tisa.
Yeye hajatikisika hata sharubu.

Nimempigia mwalimu.
Nimemwambia aje Jumapili nyingine,
picha haijatoka.